Hajati aliniuliza pesa zikiisha tutakwenda wapi

Siku hiyo tulikuwa tunafunga mradi wa haki za afya ya uzazi, uliolipiwa na mfadhili wa nje. Tulikaa kwenye mabenchi ya kibanda cha mama muuza mitumba, Busia, upande wetu wa Uganda, mahali ambapo ukiinua kichwa unaona malori yamejipanga kusubiri kuvuka kwenda Kenya. Mimi nilikuwa mhasibu. Nilishika fomu ya mahudhurio na bahasha za nauli. Mratibu wetu alisoma mafanikio ya miaka miwili: akina mama wangapi wamefundishwa sheria, wauguzi wangapi wamehudhuria semina, vipindi vingapi vimerushwa redioni. Alipomaliza akauliza kama kuna swali.

Hajati, mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa, hakusimama.

"Binti yangu," aliniambia mimi, si mratibu, labda kwa kuwa bahasha zilikuwa mikononi mwangu. "Hizi pesa zikiisha, nyinyi mtakwenda wapi? Na msichana atakayegonga mlango wangu usiku akivuja damu, nimpeleke kwa nani?"

Mratibu alimjibu kwa heshima. Alizungumzia uendelevu, akataja kamati ya jamii tuliyoiunda, akasema mfadhili ameonyesha nia ya awamu ya pili. Hajati alisikiliza mpaka mwisho, akatia sahihi, akachukua nauli yake. Jioni ile niliandika ripoti ya fedha, kila risiti na namba yake. Swali la Hajati sikuliweka popote, kwa sababu fomu ya mfadhili haikuwa na nafasi ya swali kama lile. Huo ulikuwa mwaka 2019. Awamu ya pili haikuja.

Nimefanya kazi ya hesabu katika mashirika madogo ya haki za wanawake kwa miaka minane. Njia ya pesa hizi naijua kuanzia barua ya kwanza ya kuomba mpaka ukaguzi wa mwisho. Kila mjadala wa kutoa mimba unapozuka hapa Uganda, haichukui muda mtu atasema hizo ni pesa za wazungu, na watu wa upande wangu ama watanyamaza ama watakana. Mimi sikani. Pesa zinatoka nje. Nimezipokea, nimezigawa, nimezitolea hesabu. Kinachoniuma ni kwamba hesabu hiyo siku zote nimewapa watu wa huko zilikotoka, na Hajati sikuwahi kumpa.

Nieleze kwanza kwa nini jambo hili limenikaa moyoni.

Shangazi yangu alikuwa mkunga katika kituo cha afya cha ngazi ya tatu, na nyumba yake ilikuwa nyuma ya kituo. Nilipomaliza sekondari nilikaa kwake miezi kadhaa. Usiku mmoja boda ilisimama uani. Dereva alikuwa amemfunga msichana kwa leso mgongoni mwake asianguke. Kiti cha pikipiki kilikuwa kimelowa. Msichana yule nilimjua. Tulikuwa tukiteka maji kisima kimoja. Alikuwa na miaka 19. Alichokunywa, na aliyempa, sitaeleza.

Shangazi hakumhoji. Alichemsha maji, akanipa taa niishike, akateremsha kopo la biskuti kutoka juu ya kabati la chumba cha kujifungulia. Ndani yake mlikuwa na bomba la plastiki, mfano wa bomba la sindano ila nene zaidi, pamoja na mirija yake laini. Kifaa hicho hunyonya mabaki yaliyobaki katika mfuko wa uzazi bila kuhitaji umeme, na mkunga aliyefundishwa hukitumia bila kumsubiri daktari. Mkono wangu ulitetemeka, taa ikatetemeka nayo, na shangazi akaniambia kwa sauti ya chini, "Tazama ukutani, mwanangu. Shika tu taa." Alfajiri msichana alikunywa uji.

Bomba lile lilikuwa limeletwa na mradi. Shangazi mwenyewe alifundishwa na mradi huohuo, wiki moja, kwenye hoteli moja Mbale. Kumhudumia mwanamke ambaye mimba imeharibika au imeshatolewa si kosa hapa kwetu, ni wajibu wa muuguzi. Hata hivyo usiku ule alifunga madirisha yote, kwa sababu alijua jirani akikimbilia polisi hakuna atakayekaa chini kusikiliza tofauti kati ya kutoa mimba na kumtibu aliyetoa.

Miaka miwili baadaye nilirudi kwa likizo nikalikuta kopo lilelile mahali pake. Ndani ya bomba kuna kipete cha mpira kinachozuia hewa isipenye. Kilikuwa kimepasuka, na bila kipete bomba halivuti. Mradi ulikuwa umekwisha. Shangazi aliomba kipete kingine, akajibiwa kwamba kifaa hicho hakimo kwenye orodha kwa kuwa kililetwa na wafadhili. Alilitunza kopo mwaka mzima akitumaini. Waliokuja baada ya hapo aliwaandikia rufaa ya kwenda hospitali, na waliokwenda ni wale waliokuwa na nauli.

Nikiandaa bajeti yoyote, mpaka leo, nakiona kipete kile.

Sasa sheria, nitaisema kwa ufupi maana wengi huibishania bila kuisoma. Katiba ya 1995, ibara ya 22(2), inasema hakuna mtu mwenye haki ya kukatisha uhai wa mtoto ambaye hajazaliwa isipokuwa kama sheria itakavyoruhusu. Sheria hiyo ya kuruhusu Bunge halijaitunga. Kilichopo ni Kanuni ya Adhabu ya 1950, tuliyorithi kwa Waingereza: miaka 14 jela kwa anayemtoa mwanamke mimba, 7 kwa mwanamke mwenyewe, 3 kwa anayetoa dawa au kifaa akijua kitatumika hivyo. Kipo kifungu kinachomkinga anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama. Mwaka 2006 mwongozo wa Wizara ya Afya ulitaja hali nyingine, ikiwamo kubakwa na kunajisiwa, lakini mwongozo haumkingi mtu mahakamani kama sheria. Mwaka 2015 wizara ilitoa miongozo mipya ya kupunguza vifo vya akina mama kutokana na utoaji mimba usio salama. Wakuu wa dini walipoipinga, ikasimamishwa.

Vukeni barabara sasa. Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu pale mtaalamu wa afya aliyefunzwa anapoona kuna haja ya tiba ya dharura, au kwamba maisha au afya ya mama iko hatarini. Busia ni mji mmoja wenye katiba mbili. Watu wana ndugu pande zote, wananunua sukari huku na sabuni kule, na neno boda-boda lenyewe linasemekana kuzaliwa hapa, kwa vijana waliobeba watu kwa baiskeli kutoka mpaka huu hadi ule. Mama mmoja aliwahi kuniuliza kwenye semina: "Kwa hiyo dada, tumbo langu likivuka geti linakuwa la sheria nyingine?" Nilimjibu ndiyo. Akanitazama akingoja niendelee, nami sikuwa na la kuendelea.

Kuhusu ukubwa wa jambo: taasisi ya Guttmacher ya New York, pamoja na watafiti wa hapa, ilikadiria kwamba mwaka 2013 mimba zipatazo 314,000 zilitolewa Uganda, yaani 39 kwa kila wanawake 1,000 wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Mwaka 2003 kiwango kilikuwa 51. Taasisi hiyo ilikadiria pia kwamba kutibu madhara ya utoaji mimba usio salama kunagharimu karibu dola milioni 14 kwa mwaka. Nazitumia takwimu hizi na naziamini. Lakini angalieni zimetoka wapi. Hata kuhesabu wanawake wetu kumefanywa kwa pesa za mbali.

Basi kwa nini pesa za utetezi huu zitoke kwa matajiri binafsi wa ng'ambo, na si kwa wafadhili wa kawaida waliotujengea zahanati na kutuletea vyandarua?

Jibu linaanzia Washington. Tangu 1973, sheria iitwayo Helms inazuia pesa za misaada za Marekani kulipia utoaji mimba kama njia ya uzazi wa mpango. Hilo ni sharti juu ya pesa zao wenyewe, na mwenye pesa ana haki ya kuweka sharti. Mwaka 1984, kwenye mkutano wa idadi ya watu uliofanyika Mexico City, serikali ya Reagan ilikwenda mbali zaidi: shirika la nchi nyingine likipokea pesa za Marekani za uzazi wa mpango, lisitoe huduma hiyo wala kuitetea hata kwa pesa lililopewa na mtu mwingine. Walioathirika wakaliita sharti la kufunga mdomo. Clinton akaliondoa 1993. Bush akalirudisha 2001. Obama akaliondoa 2009. Trump akalirudisha 2017, safari hii akalitandaza juu ya misaada karibu yote ya afya, Ukimwi na malaria na lishe ndani yake. Biden akaliondoa 2021. Trump akalirudisha Januari 2025. Mara sita limegeuzwa, na kila mara mkunga wa kijijini kwetu alibadilishiwa anachoruhusiwa kusema kwa kura ambayo hakupiga.

Nililiona kwa macho mwaka 2017. Tulikuwa na kikao cha mashirika ya mashariki, watu kama thelathini, kwenye ukumbi wa parokia. Ajenda ya nne ilikuwa vifo vya akina mama vinavyotokana na utoaji mimba. Mwenyekiti alipoitaja tu, watu tisa waliinuka. Hawakuwa na hasira. Walikusanya madaftari yao, wakatoka, wakasimama chini ya mwembe. Mashirika yao yalikuwa yametia sahihi, kwa sababu bila pesa zile wagonjwa wao wa Ukimwi wangekosa huduma. Mmoja wao, rafiki yangu tangu chuoni, alinionyesha kwa mkono kwamba nimpigie simu baadaye. Maandishi ya sharti lenyewe yaliruhusu kumtibu mwanamke baada ya mimba kutoka, na yaliacha nafasi kwa kubakwa na kwa hatari ya maisha. Lakini nani angebaki ukumbini kupima maneno ya Kiingereza cha wanasheria, wakati kosa moja lingefunga kliniki? Walikaa nje mpaka ajenda ya tano. Tulipowaita, waliingia wakaketi palepale walipokuwa, na hakuna aliyesema lolote.

Mashirika makubwa ya kimataifa ya uzazi wa mpango, kama IPPF na Marie Stopes, yalikataa kutia sahihi, yakapoteza pesa za Marekani. Ndipo kazi ya utetezi ikazidi kuegemea kwa wachache: baadhi ya serikali za Ulaya, mifuko kama ule wa Safe Abortion Action Fund ulioanzishwa 2006 makusudi kuyafikia mashirika madogo, na taasisi za familia tajiri. Majina makubwa ya taasisi hizo duniani ni yaleyale: Ford, Hewlett, Packard, Open Society ya George Soros, na ile ya Susan Thompson Buffett kule Omaha, ambayo haipendi kujitangaza. Hazifungwi na sharti la Washington kwa sababu pesa ni zao. Kwa hilo nazishukuru, tena bila kuona haya. Kama si fungu la namna hiyo, shangazi asingefundishwa, na yule msichana wa kisimani angekuwa kaburini.

Ila mkono mmoja unapobeba mzigo wote, ukilegea kidogo kila kitu kinaanguka.

Niwaonyeshe pesa hizi zinavyosafiri. Zinatoka kwenye taasisi, zinaingia kwa shirika kubwa la kimataifa, zinashuka kwa muungano ulioko Kampala, ndipo zinatufikia sisi wa mpakani. Kila kituo kinakata gharama zake za uendeshaji, na si wizi, kwa maana ukaguzi unalipiwa, mwanasheria analipiwa. Lakini zinapofika kwetu zimeshapewa majina. Zinakuja na viashiria: idadi ya watu waliofikiwa, idadi ya vikao na wabunge. Nimeandaa bajeti ambamo mstari wa hoteli na posho ulikuwa mrefu kuliko mstari wa vifaa mara nyingi. Niliuliza, nikaambiwa fungu hilo ni la utetezi, vifaa ni fungu la mtu mwingine. Huyo mtu mwingine sikuwahi kumjua. Kipete cha mpira si utetezi, na kwenye bajeti ya wilaya hakimo kwa kuwa ni cha wafadhili, basi hakina mwenyewe.

Muda nao hautoshi. Mwaka 2011 CEHURD, shirika la hapa Uganda linalotetea haki ya afya, na wenzake walikwenda Mahakama ya Katiba kuhusu akina mama waliokufa wakijifungua katika hospitali za umma. Halikuwa shauri la kutoa mimba, lakini ndilo shauri kubwa zaidi la uzazi tulilowahi kuwa nalo. Mwaka 2012 likatupwa. Oktoba 2015 Mahakama ya Juu ikalirudisha lisikilizwe. Hukumu ilitoka Agosti 2020, na akina mama wakashinda: serikali iliambiwa kutowapa wajawazito huduma za msingi ni kuvunja katiba, na kwamba lazima iongeze pesa. Miaka tisa. Mikataba niliyoishika mimi mingi ilikuwa ya miaka miwili, mmoja wa mitatu. Kesi kama ile huvushwa kwa kuunganisha mkataba na mkataba, na kati ya mmoja na mwingine kuna miezi ambayo wanasheria wanakaa bila mshahara na bado wanakwenda mahakamani. Nawajua. Wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa.

Nirudi kwa wanaosema ajenda ya wazungu. Nitawajibu bila matusi, kwa sababu baadhi yao ni watu wa parokia yangu. Mimi ni Mkatoliki. Padri wangu anajua nilikofanya kazi, hatukubaliani, na kila Jumapili ananisalimu kwa jina.

Kama kosa ni pesa za nje, basi tuhesabu za pande zote. Mwaka 2020 wanahabari wa openDemocracy, tovuti ya habari ya Uingereza, walipitia hesabu za makundi ya Kikristo ya mrengo wa kulia ya Marekani, wakakuta yametumia nje ya nchi yao dola milioni 280 au zaidi tangu 2007, na zisizopungua milioni 54 kati ya hizo ni hapa Afrika. Mwaka huohuo wa 2020, Oktoba, Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoongoza tamko la Geneva lililosema hakuna haki ya kimataifa ya kutoa mimba, na kinara wa tamko hilo alikuwa serikali ya Marekani. Mwaka 2023 wabunge wa Afrika walikutana Entebbe kuzungumzia maadili ya familia, na wageni kutoka Arizona walikuwapo. Sisemi watu wetu wamenunuliwa. Bibi yangu alipinga kutoa mimba maisha yake yote na hakuwahi kuona dola. Imani yake ilikuwa yake. Basi naomba na sisi tuaminiwe vivyo hivyo: mkunga aliyefunga madirisha yake usiku ule hakutumwa na New York.

Serikali yetu kwa upande wake imekuwa ikizibana pesa hizi kila siasa inapochemka. Desemba 2020, wiki chache kabla ya uchaguzi, akaunti za UWONET, mtandao wa mashirika ya wanawake, na za NGO Forum, jukwaa la mashirika yasiyo ya kiserikali, zilifungwa kwa tuhuma za kufadhili ugaidi. Zikafunguliwa Februari, uchaguzi ukiwa umepita. Mfuko wa DGF wa kusaidia demokrasia na utawala bora, uliokuwa ukichangiwa na nchi za Ulaya, ulisimamishwa na Rais mwanzoni mwa 2021, na mwisho wa 2022 ukafungwa kabisa. Agosti 2021 mashirika 54 yaliamriwa kusitisha kazi. Serikali hiyohiyo iliahidi pamoja na nchi nyingine za Afrika kule Abuja mwaka 2001 kwamba asilimia 15 ya bajeti itakwenda kwenye afya, na haijawahi kufika hapo. Hapa ndipo ninapokasirika kweli. Wakubwa wanazilaani pesa za wafadhili jukwaani, halafu ofisini wanazitegemea ziwe sababu ya wao kutofanya lolote. Maadamu kuna mgeni anayelipa, mwanamke anayevuja damu si mzigo wa bajeti yetu.

Na mgeni ameondoka. Januari 2025 misaada ya Marekani ilisimamishwa, na tarehe 1 Julai USAID, shirika lake la misaada, ikafungwa. Uingereza, iliyokuwa imeshateremsha misaada yake kutoka asilimia 0.7 ya pato lake hadi 0.5 mwaka 2021, imetangaza itashuka hadi 0.3 ifikapo 2027. Taasisi binafsi sasa zinaombwa zizibe pengo ambalo hata zikiuza kila kitu haziwezi kuliziba. Mkataba wangu uliisha Machi 2025. Nilirudi Busia na masanduku mawili, moja la nguo, moja la mafaili.

Nilimtafuta Hajati. Bado ni mwenyekiti, ingawa goti linamsumbua na vikao siku hizi hufanyika kwake. Nilimwambia nataka kuwasomea hesabu za mradi ule wa 2019, mwanzo hadi mwisho, na kwamba mkurugenzi wetu wa zamani ameniruhusu. Aliniuliza, "Leo? Miaka yote hii?" Nikasema ndiyo. Nikaomba radhi.

Ilituchukua jioni tatu. Nilikuwa nimetafsiri kila mstari kwa Kiswahili, na hapo ndipo niligundua ni mangapi tuliyaficha ndani ya Kiingereza. "Kujenga uwezo" nilipoisoma, mama mmoja akauliza uwezo wa nani, na ulijengwa wapi. Nikasema ni semina za hotelini. "Basi andika semina za hotelini," akasema, nami nikakata nikaandika. Tulikuwa na maneno marefu kama haki jumuishi za afya ya uzazi. Hajati alinisimamisha. "Mnamaanisha kutoa mimba?" Nikasema kutoa mimba kumo, pamoja na mengine. "Mbona hamkusema? Tungewaelewa siku ya kwanza."

Kulikuwa na mama mmoja, muuza samaki, wa jumuiya ndogondogo kama mimi. Alisikiliza jioni mbili akiwa kimya. Ya tatu akasema hawezi kukubaliana na kutoa mimba na hatabadilika, lakini anataka kujua kwa nini kwenye karatasi zote zile hakuna sindano, hakuna dawa ya kuzuia damu, hakuna mafuta ya boda. Mdogo wake alifia njiani. Nilitafuta tena kwenye mafaili, ukurasa kwa ukurasa, wote wakinitazama. Palikuwa na mstari mmoja wa "usafiri wa dharura". Ulikuwa umetumika kwa gari la wageni waliokuja kukagua mradi. Sahihi ya kuidhinisha ilikuwa yangu.

Nililia mbele yao. Muuza samaki alinishika mkono mpaka nikatulia.

Siku hizi kikundi kina kisanduku cha pili kando ya kile cha mikopo. Kila wiki kila mwanachama anatia shilingi 500, na zinalipa boda ya mwanamke yeyote anayevuja damu, kwa sababu yoyote, bila kumuuliza. Daftari analishika yule muuza samaki. Ninapoandika haya kurasa zake zina safari kumi na moja. Kisanduku hakiwezi kulipa mwanasheria, hakiwezi kwenda Mahakama ya Katiba miaka tisa, hakiwezi kununua bomba la shangazi. Kwa kazi hizo bado tunahitaji wafadhili, na wakirudi kesho nitawaandikia andiko la mradi usiku huohuo. Ila nitaweka sharti langu: ripoti isomwe hapa kwanza, kwa Kiswahili na kwa Kisamia, kabla haijatumwa kwao.

Mwezi uliopita tulikwenda kwenye baraza. Serikali ilianzisha mpango huo mwaka 2009 na ikaupa jina la Kiswahili, baraza, ili wananchi wawaulize viongozi pesa zao zimefanya nini. Hajati alikwenda na fimbo yake. Alisubiri barabara zizungumzwe, na maji, na shule. Alipopewa nafasi aliuliza katika bajeti ya afya ya mwaka huu kuna shilingi ngapi za kumtibu mwanamke ambaye mimba imeharibika au imetolewa, na kama vifaa vyake vimo kwenye orodha.

Ofisa aliyekuwa mezani alifunua karatasi zake. Akasema huduma hiyo kwa kawaida iko chini ya wafadhili.

"Mheshimiwa," Hajati akasema, "wafadhili wameondoka."

Ofisa akasema swali ni zuri, litafanyiwa kazi. Nilikuwa nimekaa nyuma ya karani wa kikao, naona daftari lake. Swali la barabara aliliandika, la maji aliliandika. La Hajati hakuliandika.

Tulirudi Jumatatu na barua, ukurasa mmoja, yenye swali hilohilo na sahihi 26, ya muuza samaki ikiwa ya pili baada ya ya mwenyekiti. Karani aliisoma akiwa amesimama, akatuuliza kama tuna nakala, akagonga muhuri wa kupokelewa kwenye zote mbili. Nakala yetu iko kwa Hajati. Anaitunza ndani ya kisanduku cha boda, chini ya noti.